Aliyejiita Mtani

Mtani wa kweli namjua. Ni yule aliyeruka ndani ya kaburi la baba yangu kule Mpui, akalala chali, akakunja mikono kifuani na kugoma kutoka. "Huyu mzee alikuwa bahili!" alipiga kelele kutoka chini. "Hata pombe ya ulezi alikuwa akininywesha kwa kijiko! Sitoki mpaka nipewe jogoo wake!" Watu wakambembeleza, katekista akakohoa, yeye akafumba macho na kuanza kukoroma. Mama yangu, ambaye tangu msiba uingie alikuwa hajala wala kusema neno, akaangua kicheko huku machozi yanamtiririka. Akaagiza jogoo aletwe. Mtani akatoka, akajipangusa udongo, akashika koleo tena, maana kaburi lenyewe alikuwa amelichimba yeye na wenzake tangu alfajiri. Jioni nilimkuta nyuma ya nyumba anasugua masufuria ya msiba kwa majivu.

Naanza na hilo ili mtu asije akaniambia kwamba sijui utani. Nimekulia ndani yake. Watani zetu sisi Wafipa, wa kabila lile (silitaji, wapo wengi na wengi wao hawana kosa), wana ruhusa ya kutuita watumwa wao, ya kutunyang'anya nyama sahanini, ya kumwambia bibi harusi wetu mbele ya wakwe kwamba ana miguu ya bata. Na sisi tunawarudishia vilevile, tena kwa riba. Lakini siku ya kufiwa, mtani ndiye wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka. Matusi yale na kazi ile vinakwenda pamoja.

Sasa nimseme huyu mwingine.

Nilikuwa mpima ubora kwenye ghala moja la kununulia mahindi, nje kidogo ya mji wa Sumbawanga. Lori likiingia napanda juu ya magunia na bambo langu, kile chuma chembamba chenye ncha na mfereji, nachoma gunia, punje zinatiririka kiganjani, naangalia kama kuna dumuzi wanaotoboa punje, nanusa kama kuna uvundo, kisha natia kwenye mashine ya kupima unyevu. Mahindi yakiwa mabichi nayarudisha. Wakulima wengine walinitukana, wengine waliniita mama wakati nina umri wa binti zao. Sikuwahi kushindwa kujibu. Nina mdomo, mama yangu anasema niliuchukua kwa shangazi.

Kazi ile ilikuwa ya msimu, kuanzia mavuno mpaka mvua zinapotaka kuanza. Ukiisha msimu unarudi nyumbani kungoja simu. Mwaka ule tukatangaziwa kwamba kampuni itamwajiri mpima mmoja moja kwa moja, na neno la mwisho litakuwa la meneja wa ghala. Mimi nina watoto wawili niliobaki nao mtaani Kasense baada ya baba yao kwenda kuanza maisha mapya bila kuaga. Nililima, niliuza maharage, nilishona sare za shule, na miezi ya mvua bado ilikuwa inanitoa jasho. Kazi ile niliitaka mpaka nikawa naiota.

Meneja mpya akaja mwanzoni mwa msimu huohuo. Mwanamume mnene kiasi, mchangamfu, ana kofia yake ya pama ya kahawia ambayo hakuivua hata ndani. Siku ya kwanza alituuliza kila mtu kabila lake. Nilipojibu Mfipa akapiga makofi. "Ahaa! Watani zangu! Watumwa wangu kumbe mko hapa! Sasa nisikilizeni, mimi radi zenu siziogopi, mkinitupia nazidaka!"

Tulicheka, na mimi nilicheka. Mtu wa Sumbawanga popote aendapo anakutana na maneno ya radi na ungo, kwamba kwetu ni kwa wachawi, na kutoka kwa mtu baki yanaudhi, lakini kutoka kwa mtani ni salamu. Na alikuwa mtani kweli, kwa kabila lake hakudanganya. Nikamjibu kwamba mtumwa hatupiwi radi, radi ni ghali. Ghala zima likavunjika mbavu. Nilirudi nyumbani siku ile nimefurahi, nikawaambia watoto kwamba mwaka huu tumepata bosi mtu wa watu.

Wahenga walisema mzaha mzaha hutumbuka usaha. Alianza na sahani yangu ya ubwabwa, akachukua kipande cha samaki. Haya, mtani. Akaficha ndala zangu, nikapita peku kwenye saruji ya baridi, na Juni ya Ufipa si mchezo. Haya, mtani. Halafu siku moja nimeinama juu ya gunia, nasukuma bambo kwa mikono yote miwili, nikahisi vidole vimenifinya kiunoni, si kwa kugusa, kwa kushika na kukaa. "Mtani," akasema kwa sauti kubwa ili wote wasikie, "mzigo huu unaubebaje wewe?"

Wapakiaji walicheka. Karani wa mizani alicheka. Na akina mama wa kuchekecha, wale waliokuwa wakipepeta mahindi machafu kwenye machekeche makubwa pale uani, nao walicheka. Mimi nikasimama na bambo mkononi, uso unawaka. Mdomo wote ule wa shangazi ukanikimbia.

Akina mama wale walikuwa vibarua. Kila asubuhi walisimama langoni wamejifunika vitenge mpaka kichwani kwa ajili ya upepo, naye anapita mbele yao akinyoosha kidole, wewe, wewe, na wewe. Alikuwa akiwatania nao. Taratibu nikaanza kuona: yule asiyecheka leo, kesho kidole kinamruka. Mmoja wao, mama wa makamo mwenye pengo, aliyekuja kwa miguu kila siku, alirukwa wiki nzima kwa sababu aliusukuma mkono wake. Aliporudi alikuwa anacheka kabla hata mzaha haujaisha kusemwa. Ile sauti ya kicheko chake ilinikera kuliko kitu chochote, na mwanzoni nilimkasirikia yeye.

Julai ndiyo ilikuwa mbaya. Aliniita ofisini kupeleka sampuli. Ofisi ile ilikuwa chumba kidogo chenye jiko la mkaa pembeni kwa sababu ya baridi, na ukutani kulikuwa na bango la kukataa rushwa ya ngono, limebandikwa na watu wa semina fulani. Niliingia na kopo la sampuli mkono mmoja, bambo mkono mwingine. Akanyanyuka, akapita nyuma yangu kama anayechukua kitu, na mlango ukafungwa.

"Mtani," akasema, sasa kwa sauti ndogo, "ile kazi ya kudumu ni yako. Mimi nimeshaamua. Ila wewe unajua mtani hapewi kitu bure."

Nikasema, "Bosi, sampuli hizi hapa."

"Weka chini." Akaja. Mkono wake ukashika tena palepale kiunoni, wa pili ukaanza kupanda. Nilinusa tangawizi ya chai aliyokunywa. Nikarudi nyuma mpaka joto la jiko likanichoma vigimbi vya miguu, hapakuwa na pa kurudi tena. Nikainua bambo. Sikulinyoosha kwake, niliinua tu, likawa katikati yetu, na mimi na yeye wote tukaangalia ncha.

Naapa, kwa muda ule sikuwa nafikiria watoto wala kazi. Nilikuwa nafikiria kwamba chuma hiki kinapita gunia la katani bila shida.

Akacheka. Kicheko kilekile cha uani, kikubwa, cha watu wote. "Eh! Mfipa kweli wewe! Utani bwana, utani!" Akafungua mlango na kusogea pembeni nipite, huku anaita nje, "Jamani huyu mtani wangu ataniua!" Nje wakacheka. Nikatoka nikaenda moja kwa moja nyuma ya ghala, nikatapika.

Nilimweleza karani wa mizani, kaka mmoja mwema tuliyefanya naye kazi misimu mingi. Alinisikiliza huku anachokonoa meno kwa kijiti. "Dada, achana nayo," akasema. "Utamshtaki mtani? Utasema nini, ametania? Mkoa mzima utakucheka. Ngoja msimu uishe, kazi upate, mengine yatapita." Hakusema kwa ubaya. Ndilo lililoniuma, kwamba alikuwa ananitakia mema.

Jumapili nikapanda gari kwenda Mpui kwa mama. Nilimkuta anapukuchua mahindi barazani, nikakaa naye kupukuchua, nikamwambia yote, mpaka la jiko. Nilitegemea atasimama, atalaani, atatafuta mundu. Mama akaendelea kupukuchua.

"Vumilia mwanangu," akasema. "Kazi ni ngumu kupata."

Nilitupa gunzi uani. "Mama! Nivumilie mpaka afike wapi?"

"Usinipigie kelele mimi, sikukufinya mimi." Naye ni mkali, tusidanganyane. Tukapukuchua kwa hasira, punje zikirukaruka kama mvua ya mawe. Baadaye akacheka peke yake, na nikataka kuondoka, lakini akasema, "Unamkumbuka yule mtani aliyelala kaburini mwa baba yako? Arobaini ilipofika alikuja tena. Nilimvizia nikammwagia beseni la maji ya kuoshea vyombo, na mabaki ya dagaa humohumo. Shati jeupe! Alicheka mpaka akakaa chini."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo nini? Nimekumbuka tu." Akachukua gunzi lingine. "Wewe huyo wako ulishawahi kummwagia?"

"Mama, yule ni bosi. Nikimmwagia maji si nafukuzwa palepale?"

Mama akaniangalia kwa mara ya kwanza tangu nianze kusimulia. "Basi mbona unamwita mtani?" akauliza. Akaingia ndani kupika.

Jumatatu nikapiga simu makao makuu ya kampuni, Mbeya, nikaomba mtu wa utumishi. Simu niliishika kwa mikono yote miwili. Nilieleza. Sauti ya mwanamke upande wa pili ikasema atakuja.

Siku zilizofuata sizisahau. Sijui nani alimwambia, lakini meneja alijua kabla jua halijazama. Hakunigombeza, la hasha. Alianza kuniita "Mheshimiwa." Alininyang'anya bambo, akampa kijana wa kupakia, nami akaniweka kwenye benchi langoni kuhesabu malori yanayopita barabarani, yakiwemo yasiyo yetu. Upepo wa pale unakata masikio. Akina mama wa kuchekecha wakipita hawakunisalimia. Hata mama mwenye pengo, ambaye nilikuwa nikimwamkia shikamoo kila asubuhi, alikuwa akijibu huku anatazama miguu yake. Alipita meneja mbele yao na kusema kwa furaha, "Muwe waangalifu, mwenzenu hapa hataniwi. Ukimtania anakupeleka polisi au anakupiga radi, chagua!" Wakacheka. Nilikaa kwenye benchi lile na kufikiri: kazi imekwenda. Watoto nitawaambia nini? Nilijiona mjinga, nikajiona na kiburi, nikatamani nirudishe ile simu mdomoni. Halafu namwona anaenda kusimama nyuma ya mwanamke aliyeinama kwenye chekeche, na hasira inarudi yote na mizizi yake.

Yule afisa wa utumishi alifika katikati ya wiki. Mama wa umri wa karibu kustaafu, koti refu, skafu shingoni, analalamikia baridi yetu. Moyo ulitulia kidogo kuona amekuja yule mwanamke wa kwenye simu mwenyewe. Ofisi ilikuwa ndogo, akaamua tukutane ndani ya ghala. Meneja akaletewa kiti, afisa akaletewa kiti, sisi wengine tukakaa juu ya magunia.

Nilisimama nikasema. Nilisema vibaya, sitaficha. Nilianzia katikati, nikarudi nyuma, maneno mengine siwezi kuyatamka mbele ya wanaume waliokuwa wakinitazama kama sinema. Nilipofika kwenye jiko nikaishia hapo.

Kisha akasimama yeye, kofia kichwani, mkono kifuani, mpole kama mchungaji. "Mama, mimi nina huzuni. Huyu ni mtani wangu. Sisi na Wafipa ni watani tangu mababu, hata wewe unajua. Natania na wote hapa, sibagui. Yeye mwenyewe siku ya kwanza alinijibu, ghala zima likacheka. Leo utani umekuwa kesi? Basi tufute mila zetu."

Afisa akageukia watu. "Ni kweli ni utani?"

Karani wa mizani akasema ndiyo, ni utani. Wapakiaji wakasema utani. Akina mama wa kuchekecha wakaguna, ndiyo, utani, mmoja baada ya mwingine, macho chini. Mama mwenye pengo alikuwa wa mwisho. "Utani," akasema, na kwa mara ya kwanza hakucheka.

Afisa akavua miwani, akaniangalia kwa huruma. Huruma ile niliichukia. "Binti," akasema, "hata kwetu utani upo. Pengine amezidisha kidogo, nitaongea naye. Lakini na wewe pengine umelichukulia vibaya." Akaanza kukusanya mkoba wake.

Nikaona kazi inaondoka. Niliiona kabisa, na kofia ya pama ikitingishika kwa kukubaliana. Kulikuwa na kitu kimoja tu nilichobaki nacho, swali la mama barazani.

"Mama," nikasema, "samahani. Kabla hujafunga, naomba na mimi nimtanie mtani wangu."

Afisa akashangaa. Meneja akatabasamu. "Si unaona?" akasema. "Njoo mtani, karibu!"

Nikaenda. Hatua zile chache juu ya saruji zilikuwa ndefu. Nikamvua kofia, nikaivaa mimi. Alikuwa na upara mwekundu wenye alama ya ukanda wa kofia pande zote, na watu wakaguna. "Wewe mtumwa," nikasema, na sauti yangu ya shangazi ikawa imerudi, "nani kakuruhusu kukaa kwenye kiti? Babu yangu alikununua kwa debe la ulezi, tena ulezi wenyewe mbovu, na mpaka leo tunadai chenji! Simama!"

Kicheko cha kwanza kikatoka kwa wapakiaji, cha kujisahau. Naye alicheka, ila kwa meno tu. "Haya, haya, mtani. Nirudishie kofia."

"Sikurudishii. Kichwa hiki kikae wazi, kizidake radi zetu vizuri."

Wakacheka zaidi. Yeye hakucheka. "Kofia," akasema, ameanza kunyanyuka. Alipokuwa nusu amesimama, amegeuka kuifuata kofia, nikapeleka mkono nikamfinya kiunoni. Si kwa kugusa. Nilishika, nikakaa. Na nikasema kwa sauti kubwa ili wote wasikie, "Mtani, mzigo huu unaubebaje wewe?"

Ghala lilipasuka. Akina mama walishikana mabega. Na katikati ya kelele zile akaupiga mkono wangu kofi, mshipa umemtoka shingoni, akanguruma:

"Unanishika? Wewe ni nani unanishika mwilini, mbele za watu? Nimekuruhusu? Umeniona mimi ni mtu wa kushikwashikwa?"

Kicheko kikakatika. Tulisikia punje zikidondoka kutoka kwenye gunia lililotoboka. Alibaki amesimama, anahema, upara unang'aa, na nadhani alijisikia mwenyewe, maana alitazama huku na huku kama mtu aliyesikia mwingine akisema.

Nikamgeukia afisa. Kofia ya mtu mwingine ilikuwa imenishuka mpaka nyusini.

"Mama," nikasema, "ndiyo malalamiko yangu hayo. Ameyasema yeye vizuri kuliko mimi."

Kutoka kwenye magunia ya nyuma mama mwenye pengo akasema, si kwa nguvu sana, "Mkuki kwa nguruwe." Hakumalizia, na hakuna aliyehitaji kumaliziwa. Kisha akasimama, akafunga kitenge chake vizuri. "Na mimi amenishika," akasema. "Nilipomkataa sikupata kibarua wiki nzima. Nilikuwa nacheka kwa sababu ya njaa." Akakaa. Akasimama aliyekuwa karibu naye. Afisa akauweka mkoba chini, akavaa miwani, akaanza kuandika upya, na aliandika mpaka kikombe chake cha chai kikaganda utando.

Niliivua kofia yake nikaiweka juu ya kiti. Hakuichukua. Alitoka bila kofia kwenye upepo ule.

Kazi niliipata. Haikuja upesi; nilikaa Kasense kwa wasiwasi mpaka mvua za kwanza, ndipo nikaitwa. Karani wa mizani aliniomba radhi kwa kuninunulia samaki, migebuka ya kukaanga, nikala, lakini nilimwambia kwamba siku nyingine akitaka kunitakia mema aniulize kwanza. Bambo langu nilirudishiwa. Na mama, nilipomsimulia, alicheka mpaka akashika ukuta, kisha akalia, kisha akaniambia nipunguze mdomo.

Hapo ningependa kuishia. Lakini msimu uliofuata dereva mmoja wa lori aliniuliza kama yule meneja wetu wa kofia simkumbuki, amemwona kwenye ghala la kampuni huko mkoa mwingine. Nikadhani ananitania. Nikampigia afisa. Akasita, akasema ndiyo, uongozi uliona busara ahamishwe.

Ahamishwe! Mimi kazi yangu ni kukamata magunia yenye dumuzi. Gunia lenye dumuzi huliondoi ghala hili ukalipanga ghala lile, hata mtoto anajua. Nilimwambia hivyo kwa maneno ambayo sitayaandika hapa, na namshukuru kwamba hakukata simu. Akasema atalifikisha juu. Nikamwambia alifikishe, ila na mimi anipe namba ya mpima wa kule.

Nilipiga nikiwa nimesimama uani, akina mama wanachekecha, vumbi la mahindi jeupe juani. Akapokea msichana, sauti changa. Nikajitambulisha, nikamuuliza kama meneja mpya ameshafika. Nikasikia hatua zake, kama anayesogea mbali na watu.

"Amefika juzi," akasema kwa sauti ya chini. "Mchangamfu sana. Anasema yeye na kabila letu ni watani."

Nikamuuliza kabila lake. Akanitajia. Hakuna utani wowote kati ya kabila la meneja yule na watu wake, haujawahi kuwepo.

Mama mwenye pengo alikuwa ameacha chekeche, ananitazama. Nikavuta gunia tupu, nikakaa chini, nikampisha nafasi akae karibu.

"Mdogo wangu," nikamwambia yule msichana, "hapo ulipo uko na wanawake wenzako? Waite. Weka simu kwenye spika."